Je, ni kweli nchi za kidemokrasia hazipigani zenyewe kwa zenyewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine niliulizwa darasani hapa Mtwara, mengine barazani Shangani jioni watu wakisubiri taarifa ya habari, na mawili matatu ndani ya basi la Masasi, ambako abiria akishajua wewe ni mwalimu wa Historia basi safari yote ni mtihani wako. Penye uhakika nimejibu moja kwa moja. Penye ubishi nimetoa msimamo wangu, na ruksa kuukataa.

Hoja yenyewe inasemaje hasa?

Inasema kwamba nchi mbili zenye demokrasia iliyokomaa ni nadra mno kuingia vitani dhidi ya nyingine. Neno la kushika hapo ni "mbili". Haisemi kwamba nchi ya kidemokrasia ni ya amani. Kosa hilo nalisahihisha kila mwaka kwenye madaftari, na mwaka unaofuata linarudi na wino mpya. Marekani, Uingereza na Ufaransa zimepigana vita vingi kuliko tawala nyingi za kidikteta. Cha kutazama ni zilipigana na nani.

Mwaka 1988 Jack Levy, mtafiti wa mambo ya vita, aliandika kwamba katika elimu ya uhusiano wa mataifa hakuna jambo lililokaribia kuwa kanuni kama hili. Tangu hapo watu wameigeuza sentensi hiyo mara elfu, wa kuisifu na wa kuipasua.

Nani aliianzisha?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1795. Alisema raia wakiulizwa kama waende vitani watasita, maana ni wao watakaopigana, watakaolipa gharama kutoka mifukoni mwao na kubaki na madeni. Mfalme hasiti, kwa sababu vita havimkatizi karamu wala mawindo yake. Ila Kant hakuzungumzia demokrasia. Alitaka jamhuri yenye wawakilishi, na iliyomtenga mtunga sheria na mtekelezaji. Neno demokrasia kwake lilinuka udhalimu wa wengi. Hesabu za kisasa zilianza na Mmarekani Dean Babst mwaka 1964, na mwaka 1983 Michael Doyle akaandika makala iliyorudisha jina la Kant midomoni mwa watu.

Nani anaamua kipi ni vita na ipi ni demokrasia?

Hapo ndipo penye mchezo wote. Watafiti wengi huhesabu vita kuanzia vifo 1,000 vya mapigano. Chini ya hapo wanauita mgogoro. Kwa hiyo Uingereza na Iceland, zilizogombea samaki tangu 1958 hadi 1976, meli zikigongana makusudi, nyavu zikikatwa baharini na ubalozi ukifungwa, hazikupigana "vita" hata mara moja. Wavuvi wa hapa wakisikia kwamba manowari zilipelekwa kulinda nyavu hucheka, kisha huuliza zilitumwa na nani na kama anaweza kuja na huku.

Demokrasia nayo hupimwa kwa alama. Kipimo kinachotumika sana kinaanzia hasi 10 hadi 10, na wengi huchora mstari kwenye 6 au 7. Ukiusogeza mstari kidogo, vita fulani vinaingia kwenye jedwali au vinatoka. Ukiona mtu anakuambia "hakuna hata mfano mmoja", muulize kwanza mstari wake ameuchora wapi.

Kwa nini zisipigane?

Ngoja nianze na mkorosho. Kijijini kwetu, upande wa Newala, kuna mkorosho mmoja mkubwa uliosimama mpakani hasa, matawi nusu huku nusu kule. Korosho hazichumwi mtini. Zinaangushwa na bibo lake, unaziokota chini. Sasa korosho iliyodondoka kulia kwa mpaka kutoka tawi la kushoto ni ya nani? Wenye mashamba hayo wawili, wote wanachama wa chama cha msingi kimoja, walirushiana maneno msimu mzima. Mmoja alikuwa anawahi alfajiri na ndoo, mwenzake akaanza kuwahi kabla ya alfajiri, hadi ikafika mahali wanakutana gizani chini ya mti, kila mmoja na tochi yake, wanasalimiana kwa adabu zote na kuendelea kuokota wakipeana migongo.

Hawakushikana mashati. Kila mmoja alijua mwenzake akizidiwa ataenda baraza la kijiji, na kule hakusemwi kwa siri. Ukishasema mbele ya watu kwamba mti ni wako tangu babu, huwezi kesho ukabadili. Na mwenzako akisema hadharani "sitoki hapa", unajua anamaanisha, kwa sababu akirudi nyuma atachekwa kilabuni mwaka mzima.

Watafiti wanasema mambo yanayofanana na hayo, kwa majina mazito zaidi. Wapo wanaosema ni gharama: kiongozi anayeogopa kura haanzishi vita asivyokuwa na hakika ya kushinda. Wapo wanaosema ni mazoea: waliozoea kumaliza ugomvi bungeni na mahakamani wanatarajia na jirani awe hivyo. Na wapo wanaosema ni uwazi, kwamba maneno yaliyosemwa mbele ya bunge na magazeti yana uzito kuliko ya faragha, hivyo pande mbili hazikosei kusomana. Mimi naegemea hili la tatu. La gharama nina kinyongo nalo, na sababu utaiona kwenye swali la Majimaji.

Kuna mfano wa Afrika?

Upo, na ni mzuri kuliko mingi ya Ulaya. Ndani ya mto Chobe, kati ya Botswana na Namibia, kuna kisiwa cha kama kilomita tatu na nusu za mraba. Botswana wanakiita Sedudu, Namibia wanakiita Kasikili. Miezi kadhaa kila mwaka kinafunikwa na maji. Miaka ya 1990 Botswana ikaweka askari, Namibia ikalalamika, maneno yakawa makali. Nchi zote mbili zilikuwa na chaguzi za kweli. Mwaka 1996 zikakubaliana kwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Desemba 1999 Botswana ikashinda, na Namibia ikakubali.

Waamuzi walikuwa wanasoma mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Ni mkataba huohuo uliochora mpaka wa Ziwa Nyasa, ule tunaobishania na Malawi mpaka leo. Wazungu wawili walikaa mezani siku moja wakatuachia kesi huko kusini na kesi nyingine huku.

Basi Tanzania na Malawi hazijapigana kwa sababu ya demokrasia?

Taratibu. Mwaka 2012, utafutaji wa mafuta ulipowasha tena ugomvi wa ziwa, nchi zote mbili zilikuwa za vyama vingi, na suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa kusini mwa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Kwa haraka unaweza kusema: nadharia imepita mtihani. Lakini miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere na Kamuzu Banda waligombana juu ya ziwa hilohilo, kila mmoja akiwa na chama chake kimoja, na hawakupigana pia. Kilichokuwepo wakati wote ule ni azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964: mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru tuiheshimu. Sura ya demokrasia haikubadilisha matokeo. Mwanafunzi akiniandikia Ziwa Nyasa kama ushahidi bila kumtaja Banda, namkata alama.

Vita vya Kagera je?

Havihesabiki upande wowote. Idi Amin alitwaa madaraka kwa bunduki mwaka 1971. Sisi tulikuwa na chama kimoja, na rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana bila mpinzani. Wanaobisha kwamba Mwalimu angeshinda hata kwenye vyama vingi wana hoja, ila majedwali hayahesabu "angeshinda".

Wajerumani walikuwa na Bunge. Mbona walitumaliza kwenye Majimaji?

Swali hili nimeulizwa na mzee mmoja wa Kilwa, na ninalipenda kuliko yote.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, waling'oa pamba ya serikali waliyolazimishwa kulima. Vita vikaenea karibu kusini yote. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi walichoma maghala na mashamba, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000.

Berlin wakati huo ilikuwa na Bunge lililochaguliwa na wanaume wote wa miaka 25 na kuendelea. Desemba 1906 Bunge hilo lilifanya kitu ambacho Kant angekishangilia: lilikataa fedha za nyongeza za vita vya ukoloni, vile vya Namibia. Serikali ikalivunja. Januari 1907 wapiga kura wakaulizwa, wale wale Kant aliosema watasita. Wasoshalisti waliopinga vita wakashuka kutoka viti 81 hadi 43.

Kwa nini hawakusita? Kwa sababu gharama haikuwa yao. Wengi wa askari waliopigana huku walikuwa Waafrika. Wabeba mizigo walikuwa Waafrika. Chakula kilichochomwa kilikuwa cha Nandete na Liwale, hakikutoka Bavaria. Hoja ya Kant inasimama pale tu mpiga kura na mlipa gharama ni mtu mmoja. Ukiwatenganisha, kura inaweza kuwa mbolea ya vita.

Na hili mzee hakuliamini nilipomwambia: Majimaji hayamo kwenye jedwali la vita kati ya nchi. Watafiti wanayaweka kando, kwenye fungu la vita vya dola dhidi ya watu wasiohesabiwa kuwa dola. Kwa hiyo wafu wa Matumbi hawaipingi nadharia wala kuiunga mkono. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani jedwali hilo kalichora nani?"

Lakini Ujerumani ya 1914 ilikuwa demokrasia au siyo?

Wengi wanasema siyo, kwa sababu Kansela aliteuliwa na Kaizari na aliwajibika kwake, Bunge halikuweza kumtoa, na jeshi lilikuwa mkononi mwa Kaizari. Wapinzani wanajibu kwamba kabla ya vita wasomi wengi wa nje waliisifu Ujerumani kama nchi ya kisasa yenye sheria, na sifa zikageuka baada ya risasi ya kwanza. Kuna ukweli pande zote.

Kwetu vita vile vilipita na alama zake. Kionga, ule upande mdogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, Wajerumani waliuchukua mwaka 1894 na Wareno wakaurudisha mwaka 1916, Ureno ikiwa tayari jamhuri. Mwaka uliofuata, Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, palipiganwa moja ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Waliokufa pale wengi hawakuwa na kura Berlin wala London.

Mifano gani inaisumbua nadharia zaidi?

Kargil, 1999. India na Pakistan zote zilikuwa na serikali zilizochaguliwa, zote zimejaribu mabomu ya nyuklia mwaka mmoja kabla, na zikapigana milimani Kashmir kuanzia Mei hadi Julai. Watetezi wanasema jeshi la Pakistan lilimzunguka waziri mkuu wake. Na kweli, Oktoba mwaka huohuo jeshi likampindua. Kwangu utetezi huo ni nusu. Ukisema nchi ambayo jeshi linaweza kumzunguka waziri mkuu si demokrasia kamili, nakubali, lakini ulipaswa kuisema kabla ya vita, si baada.

Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902: jamhuri mbili za Makaburu zilichagua marais wao, Uingereza ilichagua bunge lake. Mwafrika hakuwa na kura katika jamhuri zile, na hilo peke yake lingetosha kuzifuta kwenye orodha, ingawa vitabu vingi hutaja zaidi Wazungu wageni walionyimwa kura. Marekani na Hispania 1898 wanatajwa pia, ila chaguzi za Hispania zilipangwa matokeo kabla. Ufini ilitangaziwa vita na Uingereza Desemba 1941 kwa kuwa ilipigana bega kwa bega na Hitler dhidi ya Urusi. Vita hivyo vilibaki karibu vyote kwenye karatasi.

Je, demokrasia moja kuipindua nyingine kwa siri inahesabika?

Haihesabiki, na ndiyo doa kubwa kuliko Kargil. Mwaka 1953 Marekani na Uingereza zilisaidia kumwangusha Mossadegh, waziri mkuu wa Iran aliyeungwa mkono na bunge. Mwaka uliofuata Marekani ilimwondoa Árbenz wa Guatemala, rais aliyechaguliwa. Hakuna aliyefikisha vifo 1,000 vya mapigano. Watetezi wanasema usiri wenyewe unaonyesha kwamba viongozi waliogopa raia wao. Sawa, waliogopa, na bado walifanya.

Ureno ilipopata demokrasia vita vya Msumbiji viliisha. Huo si ushahidi?

Watu wa Nachingwea hupenda kuuliza hili, maana kambi kubwa ya Frelimo ilikuwa kwao. Frelimo ilianza vita Septemba 1964 ikivuka Ruvuma kutoka huku. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, wakauangusha udikteta wa Lisbon. Septemba makubaliano yakasainiwa Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Ukiangalia mtiririko, demokrasia haikuja kwanza ikaleta amani. Vita vilivyoshindikana ndivyo vilivyovunja udikteta. Wapiganaji waliofunzwa Nachingwea wana sehemu yao katika kura ambayo Mreno anapiga leo, na sijaona wakishukuriwa sana kwa hilo.

Nchi ikianza tu vyama vingi, inakuwa salama papo hapo?

Hapana. Mwaka 1995 Edward Mansfield na Jack Snyder walionyesha kwamba nchi iliyo njiani, yenye kura mpya na taasisi dhaifu, inaweza kuwa na hatari zaidi, kwa sababu wanasiasa hutafuta kura kwa kumtafuta adui. Yugoslavia ilipiga kura za vyama vingi mwaka 1990 na mwaka 1991 ikaanza kuchinjana.

Na haya ya Cabo Delgado?

Nadharia haina la kusema, na ni heri useme hivyo kuliko kuilazimisha. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, wanaopigana na serikali ya Msumbiji si nchi. Oktoba 2020 walivuka wakaingia Kitaya, kijiji cha mkoa wetu kando ya Ruvuma, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walivuka mto kwa mitumbwi wakija huku. Serikali mbili hizi hazikugombana. Mwaka 2021 askari wa Tanzania waliingia Msumbiji na kikosi cha SADC kusaidia.

Ukimwambia mama aliyekimbia Kitaya usiku kwamba Tanzania na Msumbiji zina amani, humdanganyi. Atakuuliza tu swali lililobaki. Baada ya 1945 vita vingi duniani vimekuwa vya ndani ya nchi, na hoja yote hii inahusu vile vichache vya kati ya nchi na nchi.

Pengine siri ni biashara, wala si kura?

Erik Gartzke aliandika hivyo mwaka 2007: masoko na mitaji iliyofungamana ndiyo inayozuia. Wengine wanasema baada ya 1945 demokrasia nyingi hazikupigana kwa kuwa zilikuwa kambi moja zikimwogopa Mrusi. Hoja hizi zina nguvu, maana kabla ya 1945 demokrasia zilikuwa chache kiasi kwamba kutopigana kwao kungeweza kuwa bahati.

Hapa kwetu Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010. Lakini Wamakonde na Wamakua walikuwa wanavuka kwa mtumbwi kuoana na kuzikana kabla ya daraja, kabla ya vyama vingi, na kabla ya mtu yeyote kuwaambia kwamba mto ule ni mpaka. Sijaona jedwali lenye safu ya mashemeji.

Kwenye mdahalo wa shule nisimame upande gani?

Upande wa kuunga mkono una kazi nyepesi ukisema "nadra sana" badala ya "kamwe". Ukisema "kamwe", mpinzani anasimama, anataja Kargil, anakaa, na wewe umekwisha. Upande wa kupinga usipoteze muda na Ufini. Nenda Iran 1953, kisha Majimaji.

Ule mkorosho uliishaje?

Baraza liliamua wapokezane msimu kwa msimu, na anayeokota ndiye anayenunua salfa ya kupuliza. Ikaenda vizuri misimu minne. Mwaka jana mmoja ameuza shamba lake kwa mgeni kutoka mjini, ambaye hakuwepo barazani siku ile na anasema hati aliyopewa haitaji zamu yoyote. Kesi imeanza upya, na tochi mbili zimeonekana tena.